Jibu: "Vyote viwili vimetulia, kesho naviunganisha"

Usiunganishe. Salamu baadaye.

Unasema tangi na pampu ukivijaribu vinatulia, kidhibiti nacho kinatulia, kwa hiyo vikifungwa pamoja vitatulia. Mimi maneno hayo niliambiwa na mshauri aliyekuja Nyali saa saba mchana amefunga tai. Tai, jua lile! Ningepaswa kushtuka hapohapo.

Nilikuwa na pampu ya kisima, bomba refu hadi tangi la paani, na kidhibiti: invata, kifaa cha kubadilisha kasi ya mota, iliyopunguza kasi maji yakipanda. Kila kipande ni monotoniki: kasi ikizidi maji hayashuki, maji yakizidi kidhibiti hakiongezi kasi. Kimoja kimoja, wapole kama kondoo. Nikaviunganisha Ijumaa. Jumapili asubuhi wageni wana sabuni machoni na mferejini hamna tone. Baadaye kidogo tangi likafurika, dari ikalala kitandani. Kisha kavu. Kisha mafuriko. Nilikuwa na maji kupwa na maji kujaa yangu mwenyewe, bila mwezi. Dari na mota vilinitoka shilingi 180,000, na mshauri simu haishiki mpaka leo.

Sasa sikiza. Shikilia kasi moja, ngoja maji yatulie, andika kimo. Badilisha kasi, rudia. Fanya vivyo hivyo kwa kidhibiti. Chora mistari yote miwili kwenye karatasi moja, kisha tembea baina yao. Mimi nilichora baada ya hasara: kasi 30 inanipa mita 1, kwa mita 1 kidhibiti kinataka 45, 45 inapandisha hadi mita 2.5, kwa 2.5 kinarudi 30. Sanduku! Unazunguka pembe zilezile, katikati hufiki. Hapo katikati mstari wa kidhibiti umesimama wima kama ukuta wa Fort Jesus. Wanahisabati David Angeli na Eduardo Sontag walithibitisha hili mwaka 2003: vipande vikiwa monotoniki hivi, popote unapoanzia, ukizunguka kuelekea ndani hadi nukta moja, mfumo wote utatulia, hata bomba likichelewesha maji. Ukipata sanduku, si lazima uyumbe, ila kinga huna. Nililaza mstari wa kidhibiti, basi, kimya hadi leo.

(Hiyo ni kwa mrejesho hasi, yaani maji yakizidi kasi inapunguzwa. Ule chanya, wa kuzidisha kinachozidi, una vituko vyake, mistari huweza kukutana mara tatu na mfumo ukachagua pa kutulia.)

Ulitaja programu ya kompyuta ya kuigizia mfumo? Penseli. Na kihisi cha kupima kimo cha maji, chochote kisicholiwa na chumvi. Karatasi yako ipige picha uiweke hapa kabla hujagusa waya.