Mzee akikuuliza "leo ni Jumamosi?" usikimbilie kalenda: muigizaji James Arness alivyonifundisha kazi ya kulea wazee

Kwa miezi kama miwili hivi mzee ninayemhudumia alikuwa ananiuliza swali moja kila jioni, leo ni Jumamosi? Na mimi kila jioni namjibu hapana Babu, leo Jumatano, hapana Babu, leo Jumatatu, nikambandikia hadi kalenda kubwa ukutani nikawa nazungushia siku kwa kalamu nyekundu, wapi. Anakasirika, anapiga mkono wa kiti, anataka kusimama na akisimama miguu haina nguvu, basi hapo ndo tabu inaanza, mi na yeye mpaka saa nne usiku.

Naandika hii kwa ajili ya ndugu zangu mnaofanya hizi kazi za wazee huku Marekani, najua tuko wengi sana, na kwa nyie mlioko nyumbani mnaowalea wazazi walioanza kusahau, maana kozi nilisoma, cheti ninacho, lakini hili la Jumamosi hakuna mwalimu aliyenifundisha.

Mi niko Minnesota. Mzee wangu ana miaka themanini na kitu, amekulia shambani kusini mwa jimbo hilihili, na ana dimensia, ya leo hayakumbuki ila ya zamani yapo. Namuita Babu kwa Kiswahili na ameshazoea, ukimuita kwa jina lake wakati mwingine hageuki lakini Babu anageuka. Sasa siku moja binti yake amekuja kumtembelea nikamwambia dada, baba yako hii Jumamosi ina nini? Akakaa kimya kidogo akafikiria, halafu akasema, aa, Jumamosi ilikuwa siku ya Gunsmoke.

Kwa asiyeijua, Gunsmoke ni tamthilia ya makauboi iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya CBS tarehe 10 Septemba 1955, na miaka yake yote ya mwanzo ilikuwa inarushwa Jumamosi usiku, ikaja kuhamishiwa Jumatatu mwaka 1967. Babu wakati inaanza alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Binti yake akanihadithia alivyohadithiwa na yeye, kwamba Jumamosi watoto wanaogeshwa mapema kwa ajili ya kanisa la kesho yake, wanavalishwa nguo za kulalia, halafu baba yao anarudi kutoka kwenye banda la ng'ombe, anavua buti mlangoni, anakaa, na watoto wanakaa chini kwenye zulia mbele ya miguu yake. Usiku huo ndo ulikuwa usiku pekee wa wiki ambao baba yao alikuwa hana kazi ya kufanya mpaka picha iishe.

Yaani miezi miwili mzee wa watu alikuwa ananiuliza muda umefika? Na mimi namuonyesha kalenda.

Usiku uleule nikatafuta, ziko nyingi tu, kwenye zile chaneli za picha za zamani na mitandaoni, nikamuwekea moja ya zile za nyeusi na nyeupe. Ile milio ya mwanzo tu, mtaa mtupu, mtu mrefu amesimama na bastola kiunoni, Babu akaacha kupiga mkono wa kiti. Akanyoosha kidole akasema, "That's Jim." Mi nikadhani amekosea kwa sababu askari yule kwenye tamthilia anaitwa Matt Dillon. Hakukosea. Alikuwa anamtaja muigizaji mwenyewe, James Arness, na kumbe watu wa huku wanamtaja hivyo kama mtu wa kwao kwa sababu kweli ni wa kwao, amezaliwa Minneapolis tarehe 26 Mei 1923.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu, na naomba uuchukulie kwa uzito uleule unaoupa ratiba ya dawa: msome shujaa wa mzee wako. Usimuwekee tu ukaenda kushika simu yako jikoni. Msome yule mtu ni nani, alizaliwa wapi, aliumwa nini, alicheza na nani, kwa sababu mzee atakuanzishia stori na itakatika katikati, na wewe ndo utakayemshika mkono umvushe. Mi nilikuwa sijui lolote. Nimekulia Tanga, na huko Tanzania bara televisheni zimeanza mwaka 1994, kwa hiyo makauboi niliwajua kwenye vibanda vya video, tumebanana kwenye mabenchi, joto, mtafsiri anapiga kelele, na sheria tunayoijua ni moja tu, steringi hafi. Huyu Matt Dillon kwanza alinichanganya maana yeye ni steringi lakini anapigwa risasi, anachoka, anakaa na daktari wanakunywa kahawa hawaongei, na akimuua mtu uso wake haufurahi. Nilivyozidi kumuangalia nikaanza kumpenda kabisa mimi mwenyewe, na leo hii nikiwa sipo kazini namkumbuka kama mjomba fulani.

Sasa sikilizeni habari za huyu mtu. Alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 7, karibu mita 2. Vita Kuu ya Pili akapelekwa Italia na Divisheni ya 3 ya jeshi la miguu, wakashuka pwani ya Anzio Januari 1944, na kwa sababu ndo mrefu kuliko wote wakamwambia atangulie yeye kuruka kutoka kwenye boti ili wenzake waone maji yana kina gani. Yakamfika kiunoni. Siku chache mbele akapigwa risasi za bunduki ya rashasha mguu wa kulia, mfupa ukasagika, akakaa hospitali muda mrefu, na mguu ule ulimsumbua mpaka uzee. Miaka 20 mfululizo, 1955 mpaka 1975, vipande 635, anacheza askari wa Dodge City kule Kansas, anapanda na kushuka farasi na mguu unauma, mpaka ikabidi zile sehemu za kupanda farasi wazirekodi asubuhi mguu haujachoka bado.

Hii habari ya mguu ndo imenisaidia kuliko kitu chochote kwenye hii kazi, na nitawaeleza ilivyokuwa. Babu alikuwa anakataa kutembea. Mtaalamu wa mazoezi ameacha maagizo mzee atembee kutoka kwenye kiti mpaka dirishani mara tatu kwa siku, na yeye hataki hata kuiona ile woka, kile kichuma cha kushikilia, anakisukuma na mguu. Nimebembeleza, nimeimba, nimempa keki, hataki. Siku hiyo tunaangalia, Dillon anatembea mtaani kwa ule mwendo wake mzito, nikamwambia Babu, umeona? Mguu wa kulia. Akaangalia. Nikamwambia Anzio. Akasema Anzio, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayejua anachosema, akaniambia Jim alikuwa wa kwanza majini. Nikamwambia ndiyo, na bado anatembea. Halafu nikasogeza woka, sikusema neno. Akaishika. Akaenda mpaka dirishani, akaangalia theluji nje, akarudi akakaa, jasho linamtoka, akasema asubuhi ndo nzuri zaidi. Tangu siku hiyo mazoezi yetu ni asubuhi, kama zile rekodi za farasi, na jioni hatugusi.

Kuna mambo mengine madogo ambayo nimeyajua kwa kukosea kwanza. Chagua vile vipande vya nusu saa, sizoni sita za mwanzo zote ni nusu saa, kuanzia 1961 wakazifanya saa nzima na mzee mwenye dimensia saa nzima inampotea, akifika katikati hajui tena nani kamuibia nani. Mlio wa bastola punguza mapema, rimoti iwe mkononi mwako sio mezani, kwa sababu kuna mzee mlio ule unamrudisha vitani au kwenye ajali fulani ambayo wewe huijui, kwa hiyo waulize ndugu zake kabla hujawasha kitu chochote chenye bunduki. Jioni jua linapozama ndo wengi wao wanaanza kuhangaika, basi mimi naiwasha dakika kumi kabla ya huo muda sio baada ameshaanza kulia. Na kaa. Jamani kaa chini, usisimame nyuma ya kiti chake, usifue nguo huku unachungulia. Yule mtoto wa kwenye zulia alikuwa amekaa na baba yake, hakuachwa na televisheni.

Usimfanyie mtihani pia. Unakumbuka huyu nani? Unamkumbuka na huyu? Hilo swali linamuumiza, anajua kwamba alitakiwa ajue. Mi namtajia mwenyewe kama vile nafurahi tu, aa daktari kaja, na yeye akiweza anamalizia, Milburn Stone. Chester yule anayechechemea, Dennis Weaver. Babu akimuona Miss Kitty mwenye baa uso wake wote unabadilika, yule ni Amanda Blake, mwanamke mwenye macho makali na roho nzuri, na nilivyosoma kwamba baadaye alikuja kufuga na kuzalisha duma nyumbani kwake Arizona nikamuonyesha Babu picha za duma kwenye simu, nikamwambia hawa ni wa kwetu. Akaniuliza kama nimewahi kumuona duma kwa macho. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza kitu kuhusu mimi. Nimefanya naye kazi mwaka mzima.

Sasa kosa langu kubwa. Siku moja tumemaliza kipande, nimemfunika blanketi, akaniuliza Jim anaendeleaje siku hizi? Na mimi kwa kujiona mkweli nikachukua simu nikatafuta, nikamwambia amefariki Babu, tarehe 3 Juni 2011, huko Los Angeles, alikuwa na miaka 88. Jamani. Yule mzee alilia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba sasa hivi. Na kwake ilikuwa ni sasa hivi kweli, hakuwa na hiyo miaka yote iliyopita katikati. Nikamshika mkono mpaka akalala. Kesho yake asubuhi amesahau sababu lakini huzuni ilibaki, hataki kula, haelewi kwa nini moyo mzito, mimi najua na siwezi kumwambia.

Binti yake ndo aliyenionyesha kwamba Arness aliacha barua, aliiandika akiwa hai iwekwe kwenye tovuti yake akishaondoka, kuwashukuru mashabiki wake. Jioni nikamsomea Babu polepole, sikumwambia kwa nini iliandikwa. Alisikiliza yote akatikisa kichwa, akasema ni kijana mwenye adabu. Akala supu yote.

Kwa hiyo sasa hivi akiniuliza Jim anaendeleaje namjibu tumuangalie, nawasha, na Jim yupo pale na kofia yake, na huo sio uongo. Ukiulizwa habari za marehemu na mtu mwenye ugonjwa huu usimpe msiba mpya kila siku. Muulize yeye alikuwa mtu wa namna gani, atakusimulia, na ukimsikiliza utaona alichokuwa anakitaka ni kumzungumzia. Mke wa Babu alishafariki pia, na hilo swali linakuja mara nyingi kuliko la Arness, na jibu langu ni hilohilo, niambie habari zake.

Mnaolea wazazi Tanga, Mombasa, Bujumbura, kokote mliko, najua mtasema mzee wetu hajawahi kuona Gunsmoke. Ndiyo, tafuta ya kwake. Hesabu alipokuwa mtoto mpaka kijana wa miaka ishirini na kitu, jioni alikuwa anafanya nini, na alikuwa amekaa na nani. Baba yangu mzazi naye ameanza, kaka zangu wanasema anatoka nje usiku anauliza mechi imeanza saa ngapi, na wao wanamwambia hakuna mechi baba, rudi ulale. Nikawaambia mpeni redio mkononi. Baba ni Coastal Union damu, timu ya mpira ya kwetu Tanga, mwaka 1988 walipochukua ubingwa wa ligi alikuwa anasikiliza kwa redio ya mbao kibarazani na mtaa mzima umejaa uani kwetu, mimi nimekaa kwenye mguu wake. Wakampa kiredio kidogo cha betri, hata kisipotangaza mpira anakishika sikioni, anakaa, hatoki tena nje.

Kila Jumapili nampigia. Shikamoo Baba, marahaba mwanangu, halafu nilianza kumhadithia habari za kazini na nikamhadithia huyu askari mrefu mwenye mguu mbovu. Jina langu Jumapili iliyopita lilimpotea, aliniita kwa jina la shangazi yangu, na sikumsahihisha. Kabla hatujakata simu akaniuliza, "Na yule askari wako mrefu, wiki hii kamkamata nani?"