Kutoka kwenye vigae hadi kwenye dodoso

Mdogo wangu uliyemaliza akiolojia na sasa unaomba kazi ya utafiti wa sera za jamii, nakuandikia kwa sababu njia hiyo nimeipita. Mara ya kwanza nilifika Kilwa Kisiwani nikiwa mwanafunzi, na mwiko na chekeche, nikiokota vigae vya vyungu na vipande vya kauri za China. Miaka kadhaa baadaye nilirudi wilaya ileile na kishikwambi chenye maswali ya kipato, chakula na shule za watoto.

Usiionee haya shahada yako. Jambo la kwanza tulilofundishwa shimoni ni kwamba kigae kilichotolewa bila kuandikiwa tabaka lake la udongo kimekufa. Kitapendeza machoni, lakini hakitakuambia kitu. Jibu la dodoso nalo lina tabaka lake. Mama mmoja alituambia hana shamba, hana kuku, hana chochote, na kuku wanapita miguuni mwetu. Mwenzangu akaandika sifuri, akaenda nyumba ya pili. Mimi nilibaki kuzungumza, ndipo nikajua kwamba kijijini zimevuma habari kuwa tunaandikisha kaya za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Yule mama hakuwa mwongo. Alijibu swali alilodhani ameulizwa. Tangu siku hiyo naandika pembeni ya kila dodoso: nani alikuwa amekaa karibu, tumetambulishwa na nani, ni msimu gani.

Neno litakalokusumbua kuliko yote ni "kaya". Kwa watu wa takwimu ni wanaoishi pamoja na kula pamoja. Sasa nenda pwani. Baba yuko dago, kambi ya muda ya wavuvi, miezi inapita akifuata samaki. Mke wa pili ana nyumba yake mtaa wa nyuma, lakini watoto wake wanakula kwa bibi. Nani utamhesabu wapi? Hapa wewe una jicho ambalo wengi hawana, kwa kuwa umezoea kutazama jiko, ukuta na jaa kabla ya kusema nyumba hii iliishia hapa. Uliza chungu kiko wapi na unga unanunuliwa na nani. Ila timu ikishakubaliana maana moja, ifuate hiyo hata kama moyo hautaki. Kila mdadisi akihesabu kwa maana yake, data yote inaharibika.

Hesabu hazikwepeki. Nilizikwepa miaka miwili, nikawa msomaji wa majedwali ya wenzangu. Chukua ripoti ya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi ya 2017/18, ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Inasema umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4. Ichimbe. Mstari wenyewe wa umaskini, ambao aliye chini yake huhesabiwa maskini, uliwekwa kwenye Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na chakula ulicholima na kula mwenyewe kinathaminiwa kwa fedha na kuingizwa kwenye matumizi ya kaya. Ukielewa kilichomo ndani ya mstari huo, na sampuli inavyopewa uzani, yaani kila kaya iliyohojiwa inawakilisha kaya ngapi, ndipo ufungue Stata au R, programu za takwimu. Programu inafundishika kwa wiki chache.

Vibali sina haja ya kukueleza sana. Aliyewahi kufuatilia kibali cha kuchimba cha idara ya Mambo ya Kale ataiweza COSTECH, tume ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti, barua ya mkoa na ofisi ya mtendaji wa kijiji.

Uandishi ndio ulionitesa. Tulizoea kueleza shimo lote kabla ya kusema tumepata nini. Ofisa wa halmashauri aliifunua taarifa yangu ya kurasa 60 mara mbili tu, akaniuliza, "Kwa hiyo tufanye nini?" Sasa naanza na jibu la swali lake, kurasa mbili, na zile nyingine zinafuata nyuma.

Kuna swali jingine sijalisahau. Tulipokuwa tunaaga kijiji, mzee mmoja alisimama mkutanoni akasema, "Walikuja watu wakachimba, wakabeba vigae, hawakurudi. Na nyinyi haya majibu yetu mnayapeleka wapi?" Sikuwa na jibu, bajeti yetu haikuwa na nauli ya kurudi. Utafiti uliofuata niliiweka nauli hiyo mapema, kabla hata ya posho za wadadisi, na matokeo tukayasoma kwa Kiswahili chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Walitusahihisha mambo mawili, yote ya bei za samaki, na tukayabadilisha kabla taarifa haijachapwa.