Si mshahara tu: kwa nini wengi wetu wa meno tunaangalia nje

Mwenzetu ameuliza kama wanaosomea udaktari wa meno wanawaza Uingereza kwa tamaa tu. Mimi nilisoma miaka mitano hapa Nairobi, nikafanya mwaka wangu wa intani, yaani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo, na fomu za kwenda nje nimewahi kuzijaza. Acha niseme yaliyonipata.

Pesa zimo, tusidanganyane. Mgomo wa madaktari wa 2024, ule wa siku 56, kiini chake kimoja kilikuwa intani: makubaliano ya 2017 yaliwapa madaktari wa intani kama shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikashikilia 70,000. Na kabla ya hapo kuna kungoja kupangiwa hospitali. Mimi nilingoja miezi saba kwa shangazi, mtaani Kayole. Majirani wananiita daktari, kazi yangu ni kuchukua watoto shuleni.

Lakini kilichonichosha ni koleo la kung'olea meno. Chuoni unafundishwa kuokoa jino. Kung'oa ni pale umeshindwa. Hospitali ya umma niliyopelekwa, kung'oa ndiyo ilikuwa huduma yenyewe. Siku moja mama mmoja alileta binti wa miaka kumi na mitatu, gego la chini limetoboka hadi kwenye mshipa. Ukisafisha mizizi ukaziba, anatafunia miaka na miaka. Ila kompresa ilikuwa imekufa tangu Jumatatu, na bila upepo mashine ya kuchimbia haizunguki. Kliniki ya kibinafsi walishamtajia mama bei inayopita kodi yake ya nyumba. Nikachoma ganzi, nikang'oa. Mtoto akasema asante, mimi nikashindwa kumtazama. Lile lilikuwa jino la ukubwani, halioti tena.

Sasa wanaodhani nje ni kupanda ndege tu: Uingereza shahada yetu pekee haitoshi. Kuna mtihani wa ORE, wa kuwasajili madaktari wa meno waliosomea nchi nyingine, kwanza maandishi, kisha unachimba meno ya plastiki kwenye kichwa cha sanamu huku unaangaliwa. Ada ni kwa pauni, na nafasi hujaa haraka ajabu. Marekani ndiyo kabisa, majimbo mengi yanakurudisha darasani miaka miwili au mitatu.

Mimi kwa sasa niko kliniki moja mtaani Umoja, nalipwa asilimia ya kila mgonjwa. Mwezi mbaya nakopa nauli. Lakini kompresa inafanya kazi, na wiki hii nimeokoa magego manne. Pasipoti? Nimeifanya upya mwezi jana, iko kwenye droo chini ya glavu.