Kabla hujamtukana diwani

Masika yakianza tu, simu yangu hujaa maswali ya barabara, ushuru na madiwani. Nimechagua machache. Wale mnaouliza nani atawalipa springi za gari zilizovunjika, mtaniwia radhi, hilo sina jibu lake.

Barabara ya kwenda ghala la AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, imekatika kwenye kalavati, korosho zinalala kijijini. Hii ni ya TANROADS au ya halmashauri? (Msomaji, Tandahimba)

Si ya TANROADS wala si ya halmashauri, na hili tumelizungumza mara nyingi mpaka nachoka. Tangu Julai 2017 barabara za wilaya, za vijijini na za mitaa ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. TANROADS wana barabara kuu na za mikoa. Kuchonga hiyo njia yenu si kazi ya halmashauri tena.

Lakini usije ukadhani diwani amepona hapo. Meneja wa TARURA wa wilaya huitwa barazani kusoma taarifa yake, na kabla ya hapo ipo Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira inayotakiwa kuichambua. Ndipo maswali yanapotakiwa kuulizwa. Kalavati limejengwa lini? Mkandarasi ni nani? Je, kipindi cha matazamio kimekwisha, au bado anawajibika kulirudia kwa gharama zake? Mara nyingi kalavati linabomoka mkandarasi akiwa bado ndani ya kipindi hicho, hakuna anayefungua mkataba, kisha fedha mpya inaombwa kwa kazi ileile. Diwani aliyelipokea kabrasha lenye kurasa mia mbili asubuhi ya kikao atauliza nini zaidi ya posho?

Na fedha ipo, hata kama haitoshi. Tangu 2021 kila lita ya petroli na dizeli ina shilingi 100 kwa ajili ya TARURA. Kijana wa bodaboda anayezama kwenye tope lenu naye anachangia kila anapojaza tangi. Muulizeni diwani wenu kiasi gani kimefika wilayani mwaka huu na kimelalia barabara ipi.

Barabara ya Dar ikikatika Somanga, kwa nini madiwani wa Kilwa hawachukuliwi hatua? (Msomaji, Lindi)

Kwa sababu ni barabara kuu, na barabara kuu ni ya TANROADS. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata, diwani wa kata alikuwa abiria aliyekwama kama wewe.

Nimetoka Newala na magunia matano ya mahindi nikampelekee binti yangu Mtwara. Kizuizini nikadaiwa ushuru, nikalipa. Nilikosea? (Mama, Newala)

Mama yangu, hukupaswa kulipa. Magunia matano ni kama nusu tani, na tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru wa mazao. Kwa mzigo mkubwa, kiwango kilishushwa mwaka huohuo: asilimia 2 mazao ya chakula, asilimia 3 mazao ya biashara. Ukidaiwa tena, omba risiti ya POS, ile mashine ya kielektroniki ya kukusanyia mapato, kabla hujafungua pochi. Akisema mashine haina chaji, basi na wewe huna hela. Risiti ya kuandikwa kwa kalamu haifiki kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, na mwisho wa mwaka tunaambiwa wakulima hawalipi.

Vumbi la makaa ya mawe linatuua. Nguo zikianikwa asubuhi, jioni ni nyeusi. Manispaa inaona? (Msomaji, Mtwara mjini)

Inaona. Kinachogomba ni kwamba inaona na mapato pia.

Makaa yanatoka Ruvuma kwa malori hadi bandarini kwetu, na biashara ilichangamka sana kuanzia 2022. Sikatai biashara. Vijana wamepata vibarua, mama lishe wanauza, na kampuni zinazofanya kazi hapa hulipa ushuru wa huduma unaotokana na mauzo yao. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 haikuiachia NEMC, baraza la taifa la mazingira, peke yake kazi hii. Halmashauri nayo inatakiwa kuwa na ofisa mazingira na kamati yake. Lori limefunikwa turubai? Eneo la kumwagia makaa lina cheti cha mazingira, na masharti ya cheti hicho nani anayafuatilia? Mizani nayo iangaliwe, maana uzito wa juu kisheria ni tani 56 lori na mzigo wake, na lami ikitafunwa ni yetu sote.

Mtajibiwa kwamba bandari ya Kisiwa Mgao imekusudiwa kubeba mizigo michafu kama hiyo ili iondoke mjini. Vizuri. Ila kwa watu wa Kisiwa nako ni nyumbani, na wao pia wanaanika nguo. Waanze kuuliza sasa, kabla lori la kwanza halijamwaga.

Andikeni barua, si ujumbe wa WhatsApp. Barua kwa mkurugenzi, nakala kwa NEMC, na nakala yenye mhuri wa mapokezi mbaki nayo.

Nyumba yangu imepigwa X. Nitalipwa? (Msomaji, Mtama)

X ya rangi gani? Nyekundu, hulipwi: ulijenga ndani ya hifadhi ya barabara. Kijani, barabara imekufuata baada ya Sheria ya Barabara ya 2007 kupanua hifadhi hadi mita 30 kila upande, na una haki ya fidia. Ukiniandikia tena, taja rangi.

Diwani wetu hatujamwona tangu achaguliwe. Tumfanyeje? (Vijana, Nachingwea)

Mmemtafuta wapi? Baraza la Madiwani hukaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Viti vya wananchi huwa vitupu, isipokuwa siku ya kumchagua mwenyekiti. Kaeni pale, mhesabu amesimama mara ngapi na aliuliza nini. Kisha someni ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo hufika bungeni kila Aprili, mwone hoja za halmashauri yenu. Mkishamaliza, ndipo mrudi kwangu kulalamika.

Nauli ya basi kwenda Dar imepandishwa kiholela. Diwani anasemaje? (Msomaji, Masasi)

Muulize LATRA, mamlaka inayodhibiti nauli, si diwani. Tunza tiketi.

Nina kiwanja Mikindani, nyuma kuna mikoko inaniziba bahari. Naruhusiwa kuikata? (Msomaji, hakutaja alipo)

Hapana. Mikoko ni msitu wa hifadhi wa serikali, iko chini ya TFS, wakala wa misitu. Na kama aliyekuuzia kiwanja alikuonyesha mpaka hadi kwenye maji, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa kesho asubuhi na karatasi zako zote.