Miaka miwili, ila ongezeni na ule usio na mechi

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza timu mpya ipewe miaka mingapi kabla mashabiki hawajaanza kudai kombe. Najua wengi watawaandikia habari za kandanda. Mimi nawapeleka kwenye barafu, Duluth, jimbo la Minnesota kule Marekani, nilikofanya kazi ya kuwahudumia wazee. Mtoto wa Kisumu nikajikuta naishi kando ya Ziwa Superior, ziwa pekee la maji baridi duniani linalolishinda Victoria kwa eneo. Baridi kwa maana zote mbili.

Mpira wa magongo wa barafuni, yaani ice hockey, nilifunzwa na nyanya mmoja niliyekuwa nikimwogesha na kumpa dawa. Wazazi wake walitoka Finland, kama wa watu wengi wa sehemu ile. Redio ikitangaza mechi ya wasichana wa Chuo Kikuu cha Minnesota Duluth, anachukua kifuniko cha chupa ya vidonge, anakisukuma kwa kijiko juu ya sinia mpaka kwenye kikombe cha chai, ambacho ndicho goli. Kikianguka, mimi ndiye wa kuingia chini ya kitanda kukitafuta. Na mtangazaji akiboronga jina la Hanne Sikiö, mchezaji wao Mfini, nyanya anamsahihisha papo hapo, kwa sauti, kana kwamba redio inasikia.

Timu hiyo ilicheza msimu wake wa kwanza 1999-2000. Mwaka 2001 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaandaa kwa mara ya kwanza ubingwa wa kitaifa wa magongo ya barafuni kwa wanawake, na kombe likaenda Duluth: 4-2 dhidi ya St. Lawrence. Mwaka 2002 wakalichukua tena, 3-2 dhidi ya Brown, chuo ambacho wasichana wake walianzisha timu tangu 1964! Kitoto cha miaka mitatu kimemwangusha bibi yake.

Msiniambie ni bahati. Kocha Shannon Miller, aliyewahi kuwa polisi mjini Calgary, aliajiriwa 1998, mwaka uleule alioiongoza Canada kutwaa medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Nagano. Yaani chuo kilimlipa mshahara zaidi ya mwaka mzima kabla timu haijacheza mechi hata moja. Kazi yake ilikuwa kusaka wachezaji, na hakwenda mikono mitupu: alikuwa na ufadhili wa masomo wa kuwapa. Hapo ndipo ilipo siri, wala si siri. Tangu 1972 kuna sheria, Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu, michezo ikiwemo; kwa hiyo chuo kinachofadhili wanamichezo wa kiume sharti kiwafadhili na wa kike. Basi akavuka bahari. Sweden akawapata Maria Rooth na Erika Holst, Finland akampata huyo Sikiö pamoja na kipa Tuula Puputti. Kwetu kocha hupewa mechi tano, ya sita jina la mrithi wake lishatajwa kwenye vijiwe vya chai, halafu tunashangaa timu haikui.

Kwa hiyo jibu langu ni miaka miwili ya kucheza, lakini mwongeze na ule wa kabla ya mechi ya kwanza, maana ndio uliofanya kazi kubwa.

Fainali ya tatu, Machi 2003, ilichezwa palepale Duluth, katika ukumbi ulio ufukweni, mbele ya watu zaidi ya 5,000. Safari hii ni Harvard. Vipindi vitatu vya dakika 20 vikaisha 3-3. Muda wa nyongeza sheria ni moja, anayefunga kwanza ndiye mshindi, na kipindi kizima kikapita bila bao. Nyanya akaniambia nimwamshe likifungwa, akalala. Katika kipindi cha pili cha nyongeza Nora Tallus, Mfini mwingine, akafunga. Nilimgusa bega mara mbili, hakuamka. Nikakichukua kile kifuniko, nikakitia ndani ya kikombe chake kitupu, nikakiacha mezani pake.

Msomaji wenu, Kisumu