Pikipiki kuzimika unapoingiza gia: anza na swichi ya stendi

Ndugu yangu wa Mikindani, umeuliza kwa nini pikipiki yako inawaka vizuri ikiwa nyutro lakini inazimika mara tu unapoingiza gia, ilhali stendi ya pembeni umeshaikunja. Ninaishuku swichi ya stendi, ambayo hukata moto ili usiondoke stendi ikiwa chini. Chomoa soketi yake, kisha upime nyaya zinazotoka kwenye swichi kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) iliyowekwa kwenye kipimo cha mlio: katika pikipiki nyingi, stendi ikikunjwa mita hulia, ikishushwa hunyamaza. Isipolia, usikimbilie dukani. Yangu ilikuwa imeganda kwa mchanga na chumvi ya bahari, na pini inayobonyezwa ilipopuliziwa dawa ya kutoa kutu, ikafanya kazi tena. Ikilia sawasawa, fuatilia waya uliokatika. Kuunganisha nyaya moja kwa moja bila kupitia swichi kunafaa kwa majaribio tu, wala si kwa safari ya Lindi.