Tasnifu ya vinasaba huamuliwa kabla damu haijatolewa

Wengi wanaoanza uzamili wa tiba ya molekuli au vinasaba vya binadamu huogopa maabara. Kupiga pipeti, kuendesha PCR (mbinu ya kuzalisha nakala nyingi za kipande cha DNA) na kusoma jeli ni mambo ambayo mtu makini huyazoea ndani ya wiki chache akiwa na wa kumwelekeza. Wanaokwama mwaka wa pili hukwamishwa na mambo ya mwanzo kabisa: swali pana kupita kiasi, kibali kilichoombwa nusunusu, na taarifa za mgonjwa ambazo hakuna aliyeziandika siku damu ilipotolewa.

Tutumie mfano wa selimundu. Kisababishi kinajulikana: herufi moja kwenye jeni HBB, kromosomu ya 11, ambapo GAG inakuwa GTG. "Vinasaba vya selimundu" si swali la tasnifu. Hili ndilo swali: je, kwa watoto wenye SS (waliorithi nakala ya selimundu, S, kwa wazazi wote wawili; AS ni mbebaji na AA hana) wanaohudhuria kliniki fulani, badiliko lenye namba rs1427407 kwenye jeni BCL11A linaendana na kiwango cha hemoglobini F, ile ya utotoni? BCL11A ndiyo inayozima hemoglobini F mtoto anapokua. Mwenye herufi T pale hubakiwa na F nyingi zaidi, na F huzuia chembe nyekundu zisijikunje. Swali hili lina uzito: Casgevy, tiba iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, inalenga eneo hilohilo la BCL11A.

Kabla ya kuandika pendekezo, muulize msimamizi kama kuna sampuli zilizokwisha kuhifadhiwa na kama ridhaa yake inaruhusu matumizi mapya. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa mfano, imekuwa ikifuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utafiti tangu 2004. Mwanafunzi anayejiunga na mradi wa namna hiyo huokoa miezi mingi kuliko anayeanza kukusanya damu mwenyewe. Tunashauri hivyo bila kusita, hata kama swali lako la ndoto litalazimika kusubiri uzamivu.

Ukikusanya mwenyewe, piga hesabu kwanza. Kukadiria wabebaji wa AS katika jamii, ukikisia asilimia 15 na kukubali kosa la asilimia 5 juu au chini, unahitaji watu 196. Gawa kwa 0.9 kufidia sampuli zitakazoharibika, upate 218. Idadi hiyo inatosha kukadiria, na kwa badiliko lenye nguvu kama la BCL11A huenda ikatosha kuona uhusiano. Kupekua jenomu nzima kutafuta jeni mpya ni jambo jingine: kizingiti chake cha thamani ya p ni 5×10⁻⁸, na sampuli mia mbili hazikufikishi huko. Msimamizi akikuahidi vinginevyo, mwombe akuonyeshe hesabu.

Fomu ya ridhaa ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Iandike kwa Kiswahili ambacho mzazi ataelewa akisomewa mara moja. Weka vipengele vinavyojitegemea, kila kimoja na sahihi yake: kuhifadhi DNA kwa tafiti zijazo, kupeleka sampuli nje ya nchi, na kuweka data kwenye hazina ya pamoja. Kikikosekana kimoja, hakuna wa kukiongeza baadaye isipokuwa kwa kurudi nyumba kwa nyumba. Sampuli zikivuka mpaka, kibali cha chuo pekee hakitoshi. Tanzania utapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na utahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli. Kenya, baada ya kamati ya maadili, kuna leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi.

Halafu dodoso. Kiwango cha F kwa mtoto mchanga kiko juu kwa kila mtu, na kwa mwenye SS huchukua takribani miaka mitano kutulia, kwa hiyo weka kigezo cha umri. Andika kama mtoto anatumia haidroksiurea, kwa sababu dawa hiyo hupandisha F. Andika tarehe ya mwisho ya kuongezewa damu: ndani ya miezi mitatu, damu ya mchangiaji hushusha asilimia ya F, na kwenye kipimo cha hemoglobini mtoto wa SS anaweza kuonekana AS. Mistari hii mitatu ya dodoso ikikosekana, hakuna takwimu itakayoiokoa kazi.

Damu iwekwe kwenye tyubu ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau. Heparini huzuia PCR. Mikrolita 200 hutoa mikrogramu chache za DNA, na hizo zinatosha. Uwiano wa 260/280, unaoonyesha usafi wa DNA, uwe karibu na 1.8. Igawe DNA kwenye tyubu ndogo kadhaa mapema, maana kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara huikatakata, na ukiziweka kwenye friza tofauti, umeme ukikatika usiku hutapoteza kila kitu. Praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR, ziagize zikiwa kavu. Zinavumilia safari bila barafu. Vimeng'enya havivumilii, kwa hiyo hakikisha kuna mtu wa kuvipokea uwanja wa ndege.

Kosa linalotudhuru zaidi sisi tunaofanya kazi na sampuli za Kiafrika limejificha kwenye praima. Watu wetu wana mabadiliko mengi ya vinasaba. Badiliko likiangukia chini ya ncha ya 3' ya praima, nakala moja ya jeni haizalishwi, na mwenye nakala mbili tofauti anasomeka kana kwamba zinafanana. Linganisha kila praima na data za Waafrika kabla ya kulipa. Kwa HBB, hakikisha pia hainasi HBD, jirani yake anayefanana nayo sana.

Ukipima S kwa kimeng'enya DdeI, kumbuka kwamba hukata penye A na huacha penye S. Kikikata nusunusu, AA atasomeka AS. Ndiyo maana kila jeli iwe na AA, AS na SS zinazojulikana, na kisima kisicho na DNA. Rudia asilimia 5 hadi 10 ya sampuli bila kujua majibu ya awali.

Kwenye uchambuzi, tazama toleo la jenomu. rs334, yaani badiliko lenyewe la selimundu, iko nafasi ya 5248232 kwenye GRCh37 na 5227002 kwenye GRCh38. Kuchanganya faili za matoleo mawili kunakupa jibu la mahali pengine. DNA ina nyuzi mbili, na HBB husomwa kwenye uzi wa kinyume, kwa hiyo badiliko la A kwenda T litaonekana kwenye faili kama T kwenda A, na herufi zenyewe hazitakuambia uko uzi upi. Angalia kila herufi inajitokeza mara ngapi. Usawa wa Hardy-Weinberg, yaani kama idadi ya wenye kila jozi ya herufi inalingana na inavyotarajiwa, upime kwa BCL11A. Kuupima kwa rs334 ndani ya kundi la wagonjwa hakuna maana, kwa sababu wewe mwenyewe umewachagua kwa badiliko hilo.

Ukichukua damu ya wazazi pia, siku moja utakuta mtoto wa SS mwenye baba wa AA. Yaweza kuwa tyubu zimebadilishana, au badiliko adimu, au huyo si baba wa damu. Amueni na kamati ya maadili kabla ya sampuli ya kwanza nani ataliona jibu hilo, na fomu ieleze wazi kwamba utafiti hautoi majibu ya uzazi. Mama yule ataendelea kuleta mtoto kliniki kwa miaka mingi baada ya wewe kuhitimu.